Visanduku Vinane na Cherehani ya Auntie

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Kitengela, mama yangu ndiye serikali. Kila kitu kimesajiliwa kwa kitambulisho chake: laini ya simu ya keateka anayetunza ploti, laini mbili za jamaa wa chumba namba sita aliyepoteza kitambulisho na hajawahi kukitafuta, mita ya maji, hata lile kanisa dogo la mabati nyuma ya choo. Polisi wakiamua siku moja kumchunguza mama, watapata ana simu kumi na moja na ni mchungaji.

Kwa hivyo nilipomwambia Auntie atumie kitambulisho cha mama, sikuona kama ni uhalifu. Niliona ni desturi ya ploti.

Auntie si wa damu. Alihamia chumba cha mwisho na watoto wawili, cherehani ya miguu, na Kiswahili cha Bukavu ambacho mwanzoni kilinichekesha hadi nikashikwa na kwikwi. Kwake watu ni "batu", vitambaa ni "bitambaa", na ndiyo au ndiye ni "njo". Yeye naye alinisikiliza dakika tano tu, akamuuliza mama kama huyu mtoto anafundishwa Kiswahili shuleni au anajiokotea tu barabarani. Tukawa marafiki.

Alikuwa mkimbizi mwenye karatasi zake zote: kitambulisho cha mkimbizi, na barua ya kumruhusu kuishi nje ya kambi. Alizitunza ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine, ndani ya Biblia. Kilichokosekana ni leseni ya biashara. Sheria ndogo za mji zinasema huwezi kuweka hata kiti cha kushona mbele ya geti bila leseni, basi akaenda ofisini kuiomba. Karani akaangalia kitambulisho chake, akaangalia fomu, kisha akamwonyesha visanduku vinane vya kuandikia namba. Namba ya Mkenya inaingia sawasawa. Ya Auntie ilikuwa ndefu, na ilikuwa na herufi.

"Haiingii, mama," karani akamwambia, kama mtu anayeuza viatu.

Auntie alirudi na fomu yake tupu. Hapo ndipo mimi, Form Three mwenye akili nyingi ambazo hazitahiniwi, nikasema, "Auntie, kwani shida iko wapi? Weka namba ya mama." Mama alikuwa anakaanga maharagwe, akasema sawa bila kugeuka. Wiki hiyo leseni ikatoka kwa jina la mama, Auntie akaitundika kwa ukuta wa geti, juu ya cherehani yake, kwa misumari minne, na mimi nikatembea ploti nzima kama wakili.

Sasa, kuhusu askari wa mji, ambao sisi tunawaita kanjo, kuna utaratibu ambao kila mtu Kitengela anaujua hata kama alifika jana kutoka Kisii au Murang'a. Ukiona pikapu yao, unafunga, unabeba, unapotea. Hatuulizi kama uko na leseni ama huna. Mama mboga wa kona yetu anaweza kupotea na nyanya zake zote kabla hujamaliza kuuliza ni ngapi.

Siku walipokuja nilikuwa natoka shule. Kona nzima ikahama. Auntie akabaki amekaa, mguu kwenye pedali.

"Auntie, beba hiyo kitu tukimbie," nikamwambia.

"Miye nilikimbia batu ya bunduki," akasema. "Hawa ni ba fimbo tu."

Askari mmoja mrefu, mkono wa shati lake umechanika begani, akaomba leseni. Auntie akaonyesha ukuta. Askari akasoma jina. "Wewe ndiye huyu?"

Nilikuwa nyuma ya askari nikitingisha kichwa hadi shingo ikalia. Sema ndiyo. Sema tu ndiyo.

"Hapana," Auntie akasema. "Ule ni mama ya huyu mutoto. Mashini njo yangu."

Wakaibeba cherehani wakaiweka kwa pikapu, juu ya meza ya mtu na magunia mawili ya makaa. Auntie akapewa karatasi: siku kumi na nne alete leseni halali kwa jina lake, la sivyo cherehani inaenda mnada. Ndani ya nyumba yake kulikuwa na sare za shule ya chekechea, nusu zimeshonwa, nusu ni vipande. Bila ile mashini hakuwa na kazi nyingine, na watoto wake walikuwa wanakula kutoka kwa ile pedali. Hakunilaumu. Alichukua sindano ya mkono akaendelea na kola, polepole, na hiyo iliniuma kuliko kofi.

Kofi nalo lingekuja tu. "Umefanya serikali ijue mimi ni fundi wa nguo," mama akasema. "Mimi siwezi kushona kifungo. Wewe ndiwe ulifungua hii mdomo, utaenda kuifunga."

Kesho yake kwa chumba cha kompyuta, wakati wengine wanaandika insha ya maadili, mimi nilikuwa nasoma sheria ndogo za leseni. Mwalimu alipopita nikavaa uso wa masomo. Ni kitabu kibaya kuliko vyote nimewahi kusoma, na hakina hata mtu mmoja anayeoa. Lakini nilikisoma mpaka mwisho, na huko mwisho, mahali hakuna mtu hufika, kulikuwa na fomu yenyewe. Fomu halisi, ile iliyopitishwa na sheria. Mahali pa kitambulisho ilisema "kitambulisho chochote kinachotambuliwa na sheria", na mbele yake kulikuwa na mstari. Mstari mrefu, mtupu. Visanduku havikuwepo. Vilichorwa na mtu wa kuchapisha, labda aliona vinapendeza.

Nikatafuta pia sheria ya wakimbizi. Inasema mkimbizi anayetambuliwa anaruhusiwa kufanya kazi na biashara. Nikachapisha kurasa zote mbili kwa wino wa shule. Mwalimu akisoma hii, ni wino kidogo sana.

Siku ya tisa tukaenda ofisini, Auntie na Biblia yake, mama na kitambulisho chake chenye dhambi, mimi na sare yangu. Karani akaona Auntie akaanza, "Mama, si nilikuambia sistimu haikubali?"

"Hii si sistimu," nikasema. "Ni karatasi. Tuonyeshe visanduku viko wapi kwa sheria."

Akaniangalia kama nzi kwa chai. Akaita mkubwa wake, mzee wa Kimaasai mwenye miwani iliyoshikwa na waya. Nikamsalimia, "Sopa." Akajibu, "Ipa," kisha akauliza kwa nini siko shule.

"Niko shule, mzee. Hii ni somo la uraia."

Hakucheka. Alisoma kurasa zangu zote mbili, kidole kikipita mstari kwa mstari. Halafu akainua ile leseni ya mama. "Na hii? Ni nani aliwaambia mtumie jina la mtu mwingine?"

Mama akaficha kitambulisho chake kiganjani. Auntie, ambaye hajui kudanganya hata kwa dharura, akaangalia dari. Nilijua akiulizwa tena atasema, na nilijua hangetaka kusema.

"Ni mimi," nikasema. "Yeye alisema ukweli peke yake. Ndiyo maana cherehani iko kwenu."

Mzee akaikata leseni ya mama kwa kalamu nyekundu, mistari miwili. Akachukua fomu mpya, akapiga mstari juu ya visanduku vyote vinane, na chini yake akaandika namba ya Auntie yote, na herufi zake. Akamwambia karani, "Kuanzia leo mnaandika hivi." Nyuma yetu kwa foleni kulikuwa na Mrundi wa kuuza njugu. Nilimwona akitoa kitambulisho chake mfukoni taratibu.

Leseni ilipotoka kwa jina la Auntie, tulishuka nayo kwa uwanja wa mali zilizoshikwa. Cherehani ilikuwa chini ya mabati, imejaa vumbi, nzima. Auntie hakutaka ibebwe kabla ya kuijaribu. Akaketi juu ya debe, akapitisha uzi, akakanyaga, na ile sauti ikajaza uwanja wote. Mama akaanza vigelegele. Mimi nikacheza, sitadanganya.

Yule askari mrefu akasogea, akaonyesha bega lake lililochanika. "Mama, unaweza kunishonea hapo kidogo?"

Auntie akamkabidhi leseni kwanza. "Soma," akamwambia. "Kwa sauti."

Akasoma. Majina ya Auntie yote matatu, pole pole, mbele ya pikapu na magunia ya makaa na karani aliyekuwa ametoka nje kuangalia.

"Njo miye," Auntie akasema. "Vua shati."