Majani ya Bibi Harusi

Psss, psss, halafu kimya. Tairi kipara la pikapu ya baba liliishiwa upepo kwenye kona ya Ihanda, nilipokuwa mdogo, tukipeleka ndizi sokoni Omurushaka. Juzi nilipoona majani ya mgomba barabarani, yakiwaonya madereva kwamba mbele kuna gari bovu, niliikumbuka siku ile, nikacheka peke yangu.

Baba aliyatandaza vivyo hivyo, akaingia chini ya gari na jeki, miguu ikabaki nje. Mimi niliyajua majani yale kwa kupamba harusi tu.

"Baba, nani anaolewa?"

"Tairi la akiba, mama. Kaa pembeni."

Upepo ukayapeperusha mtaroni. Nikayarudisha mwenyewe, jani kwa jani, bibi harusi asipotee. Lori likatokea, likayaona, likapita polepole kando ya miguu ya baba. Nikalipungia mkono, nikimtafuta bibi harusi ndani yake.