Kidole cha Wino

Msusi wangu hapa mtaani Yeoville, mama wa Kikongo, leo alikoroga hina kwenye kibakuli, na ile harufu ya majani na limau ikanifanya nifiche mikono chini ya taulo.

Mama yangu alificha wake hivyohivyo siku niliyomsindikiza kupiga kura, nikiwa mtoto, tulipokuwa tukiishi ugenini, kwenye vyumba vya kupanga. Sisi watu wa kusini mwa nchi yetu tuliulizwa kama tujitenge na kaskazini. Kwenye karatasi palikuwa na picha ya mkono mmoja ulioinuliwa, na nyingine ya mikono miwili iliyoshikana. Mama aliniambia amechagua ule mmoja, wa kujitenga, akaimba njia nzima, kidole kimoja kikiwa cheusi kwa wino. Tulipokaribia nyumbani akaacha kuimba, akaficha mikono ndani ya nguo. Jirani yetu, aliyenilea kama mwanawe, alikuwa mwanamke wa kaskazini.

Tulimkuta kibarazani akikoroga hina.

"Lete mikono, dada," akasema. "Nimeshaona."

Akampaka hina nyeusi kwenye ncha za vidole vyote, kama wanavyojipamba wanawake wa kwao, mpaka kile cha wino kikapotea kati ya vingine. Hakuuliza mama alichagua nini.

Chakula kiliiva hina ikiwa bado mbichi, na mama hakuweza kushika kitu. Jirani akamega tonge, akamlisha. Mama alikula akiwa ameinamisha macho. Kisha jirani akanigeukia na tonge lingine, mimi niliyejua mama amechagua nini.

Nikasema nimeshiba, na sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu asubuhi.