Migomba Nyuma ya Nyumba

Juzi, kwenye steshenari ya Ihanda ninakojifunza kuchora nyumba kwa kompyuta, mteja aligonga kaunta kwa ufunguo wa pikipiki.

"Dada, picha ya nyumba yangu ipo?"

"Bado inajichora, baba," alijibu mwalimu wangu.

"Tangu asubuhi? Kompyuta yenu imezeeka. Kazi nampelekea kijana wa mjini, ana mpya."

Niliinama, mwanangu amelala mgongoni. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza.

Mwalimu hakuilaumu mashine wala mimi. "Saa inapima kasi ya kompyuta," aliniambia. "Wewe hesabu pembetatu, vile vipande vidogo ambavyo kompyuta huviunganisha kujenga picha. Hizo hazibadiliki, hata kwa huyo kijana. Mkungu wa ndizi uzito wake ni uleule, uubebe kwa baiskeli au kwa gari."

Tukahesabu. Nyumba ilikuwa na pembetatu elfu chache. Kibanja, shamba la kuizunguka nyumba, kilikuwa na mamilioni. Nilikuwa nimechora migomba pande zote, jani kwa jani, na nyuma ya nyumba, mahali picha haionyeshi, kahawa na maharage.

"Huko nyuma nani ataona?" mteja aliuliza.

"Nyumba bila kibanja si ya mtu," nilinong'ona.

Alicheka, akatia ufunguo mfukoni, akaketi. "Umesema kweli, mama. Lakini fyeka."

Tulibakiza migomba mitatu ya mbele. Kompyuta ileile ikamaliza kabla mwanangu hajaamka, na mteja akaondoka na picha yake.

Namshukuru mwalimu. Bila yeye ningekuwa nailaumu kompyuta ya watu, huku napanda maharage yasiyoonekana.