Kidole Gumba cha Placide

Placide amenizidi miaka kumi na mitatu kwa umri, na kwa ubishi amenizidi mbali zaidi. Ukimpa chai atakuuliza maji yalichemka kwa muda gani. Ukimwambia mvua inakuja atatoka nje kutazama mwenyewe. Tunaishi mtaa mmoja hapa Bertrams, yeye Mrundi wa Bujumbura, mimi wa Tanga, na ni yeye aliyenitafutia kazi ya kuosha ndege kwenye uwanja mdogo wa mafunzo, mashariki mwa Johannesburg. Kwa hiyo nikimsema, nina haki yangu.

Kwao alikuwa fundi wa ndege mwenye cheti. Huku cheti chake hakikutambuliwa. Alilinda mlango wa ghorofa moja Hillbrow kwa miaka sita, akiandika majina ya wageni daftarini, kabla hajapata nafasi karakana kama msaidizi. Msaidizi kwa jina. Kazi alifanya yeye, na kwenye vitabu vya ndege alitia saini Claude, Mkongo, bosi wetu, mwenye leseni ya nchi hii. Placide hakuruhusiwa hata kusogeza kalamu karibu na vitabu vile, na hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Basi saini yake ikawa kidole. Ndege zetu zina tundu dogo kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto, na nyuma ya tundu hilo kuna honi. Rubani akipunguza mwendo mno au akiinua pua ya ndege mno, hewa huvutwa tunduni na honi hulia, kumwonya kwamba punde mbawa zitakataa kuibeba ndege. Kila asubuhi Placide alizipitia ndege zote, akaweka leso juu ya tundu, akafyonza kwa mdomo. Honi ikilia, anainua kidole gumba. Wanafunzi walikuwa hawawashi injini mpaka wakione kidole hicho. Tulimtania kwamba hakuna mwanamume Bertrams nzima anayebusu bati kwa bidii kama yeye.

Mwezi wa tatu ndege moja ilirudi kutoka kupakwa rangi. Jumanne asubuhi Placide aliifyonza, ikalia, akainua kidole. Akapanda Olive, binti wa miaka kumi na tisa. Wazazi wake ni Warundi, yeye amezaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Alikuwa na mwalimu wake, Mansour. Baada ya dakika arobaini walirudi, na Mansour alishuka shati limemganda mgongoni.

"Bawa limeanguka kwanza," akasema. "Honi imelia baadaye." Yaani ndege iliinamia upande mmoja na kuanza kudondoka kabla honi haijaonya.

Claude akaja, akafyonza. Honi ikalia vizuri kabisa.

"Sasa? Si iko inalia? Mkono wako ndiyo uko muzito, mwalimu." Akafungua kitabu, akaandika kwamba hakuna hitilafu.

Walipoondoka Placide alianza upya, kama kawaida yake. Alimulika tunduni kwa tochi akitafuta matope ya nyigu, maana nyigu hupenda kujenga humo. Palikuwa safi. Alifungua kifuniko ndani, akaupapasa mpira unaounganisha tundu na honi, akitafuta ufa. Mpira ulikuwa mzima. Akaichomoa honi yenyewe, akaikagua, akairudisha. Saa tatu zilipita. Mimi nilikuwa nasugua mafuta tumboni mwa ndege ya pili, na nilipogeuka nilimkuta ameweka shavu lake kwenye bawa, hasogei. Nikadhani amepatwa na kiharusi.

"Dada Kidawa, njoo utazame."

Tundu lile limo kwenye kibati kilichofungwa kwa skrubu, na kibati huweza kusogezwa juu au chini kidogo kabla ya kukazwa. Wapaka rangi walikuwa wamekitoa. Rangi mpya ilifunika alama ya zamani, na safari hiyo Claude alikirudisha mwenyewe, kwa kukisia. Kilikuwa kimeshuka kwa unene wa sarafu mbili.

"Kikishuka hivi, honi inalia lakini inachelewa," akasema. "Na mimi nimemwinulia yule mtoto kidole. Mdomo wangu unajua inalia tu. Haujui inalia wakati gani."

Alisema kwa sauti ya chini, na mimi nikaogopa kwa mara ya kwanza tangu nianze kuosha ndege.

Akaenda kwa Claude, tena kwa adabu, ingawa Claude angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho.

"Mzee Placide, nimeisha kutia saini," Claude akamjibu. "Unataka niandike sasa kama mimi niko mwongo?"

Kesho yake Olive alikaa kwenye ndege ileile, mkono kwenye ufunguo, macho kwa Placide. Placide akafyonza. Honi ikalia, sote tuliisikia. Kisha akaweka mikono mfukoni. Claude akainua kidole chake mwenyewe, akakitikisa ili kionekane. Olive hakuwasha. Alikaa tu akimtazama Placide, mpaka Mansour akamwambia ashuke. Ilipofika saa nne Placide alikuwa nje ya geti, ovaroli yake ndani ya mfuko wa plastiki. Nililia kwa hasira huku nikiosha, na sikuthubutu kumwambia Claude hata nusu ya niliyokuwa nayo moyoni.

Alhamisi Mansour alimlazimisha Claude wapande wote wawili, wakaenda juu sana, ili ndege ikidondoka wawe na nafasi ya kuinuka. Claude alishuka hana rangi usoni. Bawa lilikuwa limeanguka kwanza, kama alivyoambiwa. Akakilegeza kibati, akakiinua, akakikaza, akafyonza, honi ikalia. Kumrudisha Placide hakumrudisha. Wapo wanaoona haya kuliko wanavyoona kosa.

Jumamosi, saa nane mchana, Olive alikuwa aruke peke yake kwa mara ya kwanza maishani. Asubuhi alinifuata nikiwa na ndoo yangu, akaniuliza kwa Kiingereza kama anko Placide ameikubali ndege. Aliuliza mara mbili. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ameikubali. Nilimwonea huruma tu. Placide mwenyewe nilikuwa sijamtia machoni tangu Jumatano.

Saa sita nilimaliza zamu, nikaenda moja kwa moja kwake, furaha imenijaa. Nilimkuta anakunja nguo. Nikamsimulia yote, kwamba imethibitika alikuwa sahihi, kwamba kibati kimeinuliwa.

"Kimeinuliwa kiasi gani?"

"Sijui. Kidogo."

"Na baada ya kukiinua, wakairusha tena juu, wakasikiliza?"

"Placide, wanafunzi wamepanga foleni. Claude alifyonza, ikalia."

Aliliacha shati mkononi limekunjwa nusu. "Olive anaruka lini?"

Nikamwambia. Kisha ikabidi nimwambie na lile nililomjibu Olive. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alipiga simu ya Olive, imezimwa. Ya Mansour haikupokelewa. Ya Claude ililia mara moja ikakatwa. Tulishuka ngazi mbio tukadaka teksi, na kila roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, ilikuwa nyekundu.

Tulifika saa nane na robo. Geti lilikuwa limefungwa, tukasimama kwenye uzio wa waya. Ndege ilikuwa hewani, chini, inageuka kuja kutua, pua imeinuka, polepole mno machoni pangu. Niliomba kila dua ninayoijua. Placide aliinamisha kichwa, sikio likiwa upande wa ndege, kana kwamba angeweza kuisikia honi kutoka pale. Magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa tena. Ikatulia.

Wenzake Olive walimkimbilia na ndoo za maji wakammwagia, maana ndivyo wanavyomfanyia anayeruka peke yake mara ya kwanza. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Unaona?" nikamwambia Placide. "Imekuwa nzima."

"Leo hakuihitaji honi," akasema. "Hilo tu ndilo tunalolijua."

Nilitazama tena ndani ya uzio. Claude alikuwa anacheka na watu, kitabu cha ndege kwapani. Nyuma yake mwanafunzi mwingine, kijana nisiyemjua, alikuwa tayari ameketi kwenye ndege ileile, anafunga mkanda. Nikashika waya kwa mikono yote miwili, nikaanza kupiga kelele wamshushe, wamshushe. Injini ikawaka. Claude akageuka, akaniona, akanipungia mkono. Alidhani nashangilia.