Shamba Tuliloazimwa na Ziwa

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyomwona bibi yangu akikaa chini katikati ya maharagwe ya mtu na kukataa kuinuka.

Nimesikia umegombana na jirani yako hapo Kisugu kwa sababu ya ukuta wa mpakani, na kwamba una rafiki polisi aliyesema atakusaidia. Basi kabla hujampigia simu, nisikilize kidogo.

Tulikuwa tukiishi Gaba, karibu na ziwa, mimi na bibi yangu mzaa baba. Sisi Wanubi bibi tunamwita Haboba, nami sikuwahi kumwita kwa jina jingine. Ilikuwa miaka ile ya utawala wa jeshi. Sukari ilikuwa ya kutafuta, chumvi ya kutafuta, sabuni ndiyo usiseme, na juu ya hayo mvua zikakatika. Ziwa likaanza kurudi nyuma. Mitumbwi iliyokuwa ikifungwa karibu na nyumba ikabaki nchi kavu, wavuvi wakawa wanaisukuma kwenye tope kabla hata kazi haijaanza. Na pale maji yalipoondoka pakabaki ukanda wa udongo mweusi, laini, usio na mwenyewe.

Haboba alikuwa wa kwanza kulima pale. Alipanda viazi vitamu. Baadaye akaja Mama Furaha, mwanamke wa Kongo aliyekimbia vita vya kwao akiwa na watoto wadogo. Akashika sehemu ya chini yetu, karibu zaidi na maji, akapanda maharagwe. Kila ziwa liliposogea nyuma, naye alisogeza jembe lake mbele. Hakumwomba mtu ruhusa, na wala hapakuwa na wa kuombwa.

Kaka yangu Kassim, huyo mjomba wako ambaye hukujaliwa kumwona, alikuwa askari. Adhuhuri moja alikuja kutusalimia na gari la kambi, pamoja na wenzake wawili. Aliutazama ukanda wote ule, akauliza ni nani analima kule chini. Nikamwambia. Hakungoja hata chai. Alishuka moja kwa moja mpaka kwa Mama Furaha.

"Wewe mama, hii ardhi ni ya bibi yangu. Leo hii utoke."

"Afande, sasa miye nitakwenda wapi?" Mama Furaha alisema. "Watoto wanakula hapa."

"Utaeleza vizuri ukiwa ndani ya gari."

Wewe umezaliwa baadaye, huwezi kujua maneno hayo yalikuwa na uzito gani. Watu walipakiwa kwenye magari kama lile mchana kweupe, majirani wakitazama, na hawakuonekana tena. Jembe lilimponyoka Mama Furaha. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo yangu.

Haboba akatoka nyumbani amejifunga gurbaba lake, ile nguo yetu ya Kinubi, akashuka taratibu kama mtu anayekwenda kuchuma mboga. Alipita katikati ya wale askari, akaingia kwenye maharagwe ya Mama Furaha, akakaa chini.

"Haboba, inuka," Kassim alisema. "Mimi nakutetea wewe."

"Nani amekuambia nimeonewa?"

"Huyu amechukua shamba lako!"

"Shamba hili ni la ziwa. Ziwa likirudi kulichukua, utalipakia nalo kwenye gari?"

Askari mmoja akacheka, kisha akajikohoza haraka. Nikaona shingo ya Kassim imevimba, nikadhani mambo yameharibika. Haboba hakupandisha sauti hata kidogo.

"Vua kofia yako, Kassim. Kambini wewe ni afande. Hapa wewe ni mtoto niliyekuogesha. Kama ni lazima mtu aingie kwenye gari lile, nipakie mimi kwanza."

Mwishowe kaka yangu akavua kofia, akaishika mkononi, hajui aiweke wapi. Akamsaidia bibi yake kuinuka. Hakumwomba Mama Furaha radhi siku ile, lakini gari liliondoka bila kumpakia.

Nilipomuuliza Haboba kama hakuogopa, aliniambia, "Niliogopa sana. Ndiyo maana nilikaa, nisingekaa ningeanguka."

Kisha mvua zikarudi, na zilirudi kwa fujo. Ilinyesha wiki baada ya wiki, mifereji ikimwaga maji mekundu kutoka vilimani. Ziwa likaanza kupanda. Wavuvi walisema si mvua peke yake, kwamba na kule Jinja, mto unakotoka ziwani, kwenye bwawa wanaachia maji kidogo ili walio chini wasifurikiwe, kwa hiyo mengi yanabaki kwetu. Mimi sijui. Nilichokiona ni kwamba kila asubuhi maji yalikuwa yamekula tuta jingine.

Haboba akasema tuanze kuvuna kwa Mama Furaha, maana yeye ndiye aliye karibu na maji. Nilinung'unika, viazi vyetu navyo vilikuwa hatarini. Alinikabidhi kikapu tu. Tulikuwa bado tunang'oa maharagwe Kassim alipotokea. Alitutazama kidogo, akavua buti, akakunja suruali ya jeshi, akaingia kwenye maji mpaka magotini. Mama Furaha alimpa kikapu, naye akakipokea. Ndivyo walivyopatana, mwanangu. Maharagwe yote yalitoka. Viazi vyetu tuliokoa nusu, vingine vikaliwa na ziwa. Jioni Mama Furaha alikuja na sufuria, tukala pamoja.

Serikali ile ilipoanguka, Kassim alikimbilia kaskazini na hatukumwona tena. Siku zile Mnubi kutoka nje kulikuwa hatari, maana watu walituhesabu sote kuwa wa utawala ule wa jeshi. Tulijifungia ndani, mimi na Haboba, na aliyekuwa akitugongea mlango na maji na chakula ni Mama Furaha. Majirani walimwonya. Hakuwasikiliza.

Basi nasaha yangu ni hii. Mtu mwenye nguvu akiwa ndugu yako au rafiki yako, usimtume kwa jirani. Akishafika pale, wewe huna tena uwezo wa kupima atafanya nini, na si kila mtu ana Haboba wa kumzuia. Nenda mwenyewe, kwa miguu yako, bisha hodi, kaeni mzungumze. Ukipoteza nusu hatua ya ardhi kwenye ukuta huo, utaishi. Na ukimwona mwenzako anazama kabla yako, anza na shamba lake, hata kama lako litapungua. Mimi nimekula nusu ya viazi nikashiba.

Mungu akupe moyo mpana na ulimi wa upole, akujalie majirani wa kukugongea mlango wakati wa shida, na wewe uwe wa kuwagongea wao. Nenda kwa amani, mwanangu.