Tumbo Dogo la Dada Yangu

Dada yangu alikuwa mnene hata akawa analala ameketi, mito mgongoni, akihofia pumzi kumkatika. Watu wa Kindu walimsifu mumewe, mfanyabiashara wa mchele, kwamba anajua kutunza mke. Mimi, mdogo wake niliyekaa kwao, nilimsikia akikoroma na kushtuka, nikalia. Shemeji akauza lori lake, akampeleka Ulaya, madaktari wakampunguza tumbo na kumfupisha utumbo ili akonde.

Alirudi akipungua mwezi hadi mwezi, kama sabuni. Jumamosi za salongo, ile kazi ya lazima ya serikali tuliyoikimbia sisi wengine, yeye alibeba jembe akicheka. Akalima shamba la karanga huko Mikelenge. Hadi leo namwona akitembea mbele yangu katika ukungu wa mto Lualaba, kitenge kikimpwaya, nami nikidhani naota.

Miaka ikapita. Nywele zikawa nyepesi, mifupa ikaanza kumuuma. Vidonge vya vitamini alivyoambiwa na madaktari ameze maisha yake yote vilikuja kwa ndege, na ndege ilikuja ilipotaka yenyewe. Kwenye sinia alikula matonge machache tu, akizidisha, anatapika.

Uvumi ukafika Kampene, tulikozaliwa, kwamba shemeji anamnyima chakula. Kaka zetu wawili wakaja na mbuzi. Kwetu, binti akikonda kwa mumewe, ndugu humpikia uani pake na kumtazama akila. Akila kwa pupa, mume ana hatia, wanaondoka naye. Asipokula, ni mgonjwa, wanaondoka naye vilevile. Nilikasirika, maana dada alimpenda mumewe na hakutaka kwenda popote.

Kaka mkubwa akasogeza sinia. "Kula, mama. Tulimupatia huyu bwana muke munene, anaturudishia mifupa."

Dada akala matonge matatu, akanawa.

"Miye nilikuwa ninakufa, kaka," akasema. "Huyu bwana yangu njo aliniponyesha. Kama niko mugonjwa, munifuate mpaka kwa shamba yangu."

Akachukua jembe, akatoka. Kaka zetu wakamfuata juani, matumbo mbele. Kabla ya kufika Mikelenge kaka mkubwa alisimama, mikono magotini, jasho likimtiririka.

"Polepole, dada. Unatuacha."

Jioni ile waliondoka bila yeye. Kesho yake dada hakuweza kuinuka kitandani. Shemeji alimkanda miguu kwa mawese, nami nikafunga mlango, asije jirani akamwona na kupeleka habari Kampene.