Ng'ombe wa Tarehe Mosi Mei

Juzi kazini nilifungua faili nikakuta tarakimu zote zimebanana kwenye safu moja, kama mbuzi wanaokimbia mvua. Nikashika kichwa. Wenzangu wakadhani nimeharibu hesabu za ofisi. Kumbe, rafiki yangu, nilikuwa nimesharudi mtaani Kagarama, sebuleni kwetu, nikiwa mtoto wa kukaa ndani hadi jirani alizoea kuuliza kama nimeshapona.

Baba alikulia upande wa Kongo. Ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili, na kompyuta yake ilisema Kifaransa. Likizo ile mimi na kaka tuliimaliza kwenye mchezo wa falme, ule wa kujenga miji na kupanga majeshi. Tuligundua kwamba nguvu na mwendo wa kila askari viliandikwa kwenye faili dogo, na ukilifungua kwenye lahajedwali, zile kurasa za vijisanduku, unabadilisha upendavyo. Rebero, kilima cha jirani, ikawa ngome yetu. Nyarutarama, mtaa wa kifahari, tukawapa maadui matajiri. Farasi tukawafukuza, tukaweka ng'ombe wa pembe ndefu.

Jumamosi ya umuganda, siku ya mtaa mzima kufanya kazi pamoja, kaka alikuwa anarudi shule ya bweni. Wakubwa walikuwa nje na majembe, barabara zimefungwa hadi kazi iishe, harufu ya majani yaliyofyekwa ikiingia dirishani. Mama alikuwa ameshasema: pikipiki ya kwanza ikisikika, begi mgongoni. Kabla ya hapo tulipaswa kuiteka Nyarutarama.

Siku zote kaka ndiye aliyefungua faili, polepole, akiiambia kompyuta kila safu inaanzia wapi na nukta ina maana gani. Asubuhi ile mimi, kwa kiherehere changu, nilibofya mara mbili tu, nikawaongezea ng'ombe nguvu, nikahifadhi. Mchezo ukagoma. Unawaka, unazimika. Unawaka, unazimika.

Kaka alikuja na kikombe cha uji, akatazama, akaacha kunywa.

“Weye sha, umefanya nini? Ng'ombe iko na nguvu ya tarehe moja mwezi wa tano!”

Kweli. Kompyuta ya Baba, kwa Kifaransa chake, ilitaka mkato mahali pa nukta. Ilipoona 1.5 ikadhani ni tarehe, na jeshi zima likageuka kalenda.

“Nakala iko wapi?”

“Nakala ya nini?”

Alinitazama kama anayechagua mahali pa kunizika. Kisha akafungua faili katika maandishi matupu. “Taja kutoka kichwani. Haraka.”

Na mimi, nisiyejua hata siku ya kuzaliwa ya shangazi, nikaanza kutaja tarakimu za kila mmoja: mpiga mishale, mkuki, ngao, mnara. Yeye akaandika. Uji ukapoa. Nje wakubwa walikuwa wameanza kucheka, dalili kwamba mkutano wa kufunga kazi unakwisha. Wakabaki ng'ombe.

“Mwendo?”

Kichwa kikawa kitupu. “Tisa,” nikasema, ili niseme kitu.

Mchezo ukawaka. Haukuzimika. Tukafungua lango la Rebero, na ng'ombe wakatoka kama risasi, wakaipita Nyarutarama bila kuiona, wakagonga ukingo wa ramani. Tulicheka hadi tukalia. Baba akaingia na matope miguuni, akasimama nyuma yetu.

“Ng'ombe ya nani inakimbia hivi?”

“Ya huyu,” kaka akasema. “Haijui kutembea.”

Tukawageuza, wakapita tena. Hapo pikipiki ikanguruma kwenye kilima, na Mama akaita.

Siku hizi michezo iko kwenye simu, inajirekebisha yenyewe usiku tukilala, na faili zake zimefungwa. Kompyuta ya Baba ilishauzwa vipande. Kaka alirudi likizo iliyofuata na sauti nzito na marafiki wa mpira. Nikamwambia Nyarutarama bado inatusubiri.

“Cheza tu, sha,” akasema, bila ubaya, akifunga viatu.

Nikacheza. Niliiteka alasiri ileile, nikakaa nimeshika kipanya, nikisikiliza mpira ukidunda nje, nisijue nimwite nani aje aone.